Karatasi ya Park na ule uongo wa 'michezo haina siasa'

Agosti 10, 2012, Cardiff, Wales. Olimpiki ya London inaelekea ukingoni na kuna mechi ya soka ambayo kwa mtu wa mbali ni ya kuwania nafasi ya tatu tu. Kwa Korea Kusini na Japan hakuna kitu kinaitwa nafasi ya tatu tu. Park Chu-young anafunga, Koo Ja-cheol anaongeza, kipyenga kinalia 2-0 na Wakorea wanapata medali ya shaba, ya kwanza kwao katika soka la Olimpiki. Vijana wanazunguka uwanja wakishangilia. Kiungo Park Jong-woo anapewa karatasi na shabiki, anainyanyua juu ya kichwa. Imeandikwa kwa Kikorea kwamba Dokdo ni ardhi yetu.

Kesho yake pale Wembley wenzake 17 walipanda jukwaani kuvishwa medali. Yeye hakuwepo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ilikuwa imemzuia.

Naikumbusha habari hii kwa sababu kila mara siasa inapoingia uwanjani, hapa kwetu au kwingineko, wanajitokeza watu wazima wenye suti kutuambia michezo haina siasa. Wanasema kwa uso mkavu kabisa. Mimi nadhani kisa cha Park ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba kauli hiyo ni uongo, na pia kwamba uongo huo una gharama.

Kwanza hiyo Dokdo yenyewe. Ni miamba miwili mikubwa na vijiwe vidogo vingi, katikati ya bahari inayotenganisha Korea na Japan. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 0.19. Kwa lugha yetu ya michezo, hapo unapata viwanja 26 vya mpira, bila majukwaa wala vyumba vya kubadilishia nguo. Wakorea ndio wanaoishikilia na wameweka askari polisi. Wajapani wanaiita Takeshima, wanasema ni yao, na waliiandikisha chini ya mkoa wa Shimane mwaka 1905. Wakorea wanajibu kwamba 1905 ndio mwaka Japan ilipoanza kuimeza Korea nzima, na miaka mitano baadaye ikaimeza kweli. Kwa hiyo Mkorea akiitazama ile miamba haoni samaki wala mipaka ya bahari. Anaona 1910.

Mwaka 1965 nchi hizo mbili zilisaini mkataba wa kurudisha uhusiano. Kuhusu ile miamba mkataba haukusema kitu. Waliona wakiigusa hakuna atakayesaini, wakaiacha kiporo.

Sasa sikia hii. Siku ileile ya mechi, Agosti 10, saa chache kabla timu hazijaingia uwanjani Cardiff, Rais wa Korea Kusini, Lee Myung-bak, alitua Dokdo. Hakuna rais aliyekuwa madarakani aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Japan ikamuita balozi wake nyumbani. Magazeti yamechafuka, televisheni hazizungumzi kingine, halafu unawapanga vijana wa chini ya miaka 23 wa nchi hizo mbili uwanja mmoja na kuwaambia: nyie chezeni mpira tu, haya mengine hayawahusu.

Na yanawahusu kuliko yanavyomhusu rais. Korea Kusini kila mwanaume mwenye afya anakwenda jeshini, wakati ule karibu miaka miwili. Medali ya Olimpiki ndiyo inayomtoa mwanamichezo kwenye wajibu huo. Kwa mchezaji wa miaka 22 hiyo ni tofauti kati ya kwenda kucheza Ulaya na kwenda kulinda geti la kambi. Beki Kim Ki-hee aliingizwa dakika za mwisho kabisa za mechi ile, na kila mtu alielewa kwa nini: lazima awe amekanyaga nyasi ili naye ahesabiwe. Kwa hiyo dola ilikuwa imo ndani ya mechi kabla ya karatasi. Ilikuwa imo kwenye kila pasi.

FIFA walimfungia Park mechi mbili na kumtoza faini ya faranga 3,500 za Uswisi. Medali yake alipewa Februari 2013, baada ya kuitwa Lausanne kujieleza.

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaonipinga. Adhabu ya FIFA ilikuwa ya haki. Kanuni inakataza ujumbe wa kisiasa uwanjani, mchezaji kabeba ujumbe wa kisiasa, mechi mbili zinamtosha. Wajapani waliokuwa wamelala chini wanalia hawakustahili kuongezewa na hilo. Lakini IOC kumnyima jukwaa kijana mmoja, huku aliyewasha moto ni mwenye ikulu yake, ule ulikuwa woga. Wakubwa wana kinga, kwa hiyo anatafutwa mdogo aliye karibu.

Tena woga huo hauna kipimo kimoja. Julai 28, 2013, Seoul, michuano ya Asia Mashariki, Korea na Japan tena. Jukwaani Wakorea wanatundika bango kubwa lenye maana ya kwamba taifa linalosahau historia halina kesho. Upande wa pili shabiki wa Japan anapunga ile bendera ya jua lenye miale, bendera ya jeshi lililowatawala wenyeji wake. Kwa Mkorea, kuiona ile ni sawa na kutemewa mate usoni. Shirikisho la Korea likaliondoa bango la mashabiki wake lenyewe, nao mashabiki wakasusa kushangilia kipindi cha pili. Uwanja ukapoa kama msiba. Kakitani Yoichiro akafunga la pili mwishoni na Japan wakaondoka na 2-1.

Yaani bango linaondolewa kwa sababu lina maneno. Bendera, kwa kuwa haina maneno, inahesabiwa ni kitambaa. Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 yakajirudia. Wakorea walitundika kwenye kijiji cha wanamichezo mabango yaliyokumbusha maneno ya Admirali Yi Sun-sin, yule aliyewapiga Wajapani baharini miaka ya 1590. IOC wakataka yashushwe. Wakorea wakakubali, wakasema wameahidiwa kwamba na ile bendera ya miale haitaruhusiwa kumbini. Ilibidi waahidiwe! Kanuni ingekuwa imeandikwa vizuri hakuna mtu angehitaji ahadi.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo sisi wa mbali tunalikosea. Huwa tunasema Wachina, Wakorea, Wajapani na Wavietnam wamelelewa kwenye mafundisho ya Confucius, ni watu wa heshima na kuinama, sasa ugomvi huu wote wa visiwa unatoka wapi? Kwa sababu tunadhani mafundisho yale ni ya upole. Mimi nadhani ukiyatazama kwa jicho la michezo utaona ni mafundisho ya nafasi: baba na mwana, kaka na mdogo, mwalimu na mwanafunzi, mtawala na mtawaliwa. Kila mmoja akae kwenye kiti chake na nyumba itatulia.

Guus Hiddink alipokwenda Korea kuiandaa timu ya Kombe la Dunia 2002 alikuta jambo hilo limekaa katikati ya uwanja. Mchezaji mdogo haombi mpira kwa mkubwa wake kwa kumuita jina, lazima kwanza amtaje kwa heshima. Hadi umalize heshima, beki kashakupora. Hiddink akapiga marufuku: uwanjani ni jina tu, mkubwa na mdogo. Timu ikafika nusu fainali.

Ndani ya timu jambo hilo linarekebishika kwa amri ya kocha. Kati ya nchi na nchi, nani atatoa amri? Kwa karne nyingi China ilijiona kaka mkubwa na majirani wakapeleka zawadi Beijing kama wadogo. Wakorea walijiona wa pili, karibu na mwalimu, na waliamini Wajapani ndio wanafunzi wao, kwa sababu maandishi na dini vingi vilifika Japan kupitia kwao. Halafu mdogo akainuka akawatawala wote, kaka na mwalimu. Hapo hujapoteza ardhi peke yake, umepoteza kiti. Ndiyo maana kufungwa na Brazil ni huzuni na kufungwa na jirani ni aibu.

Mwaka 1936, Berlin, Mkorea Sohn Kee-chung alishinda mbio ndefu za Olimpiki akiwa na bendera ya Japan kifuani na jina lake limeandikwa kwa matamshi ya Kijapani. Kule Seoul gazeti la Dong-A Ilbo lilichapisha picha yake likiwa limeifuta ile bendera, watawala wakalifungia. Hadi leo kwenye vitabu vya IOC dhahabu ile ni ya Japan. Mzee Sohn akaishi hadi 1988, akiwa na miaka 76, akauingiza mwenge wa Olimpiki kwenye uwanja wa Seoul akirukaruka kama mtoto. Mwenye kusema michezo haina siasa aanze kwa kumwelezea mzee huyo.

Au awaelezee wale wa 1954. Kufuzu Kombe la Dunia, Korea na Japan zipangwe nyumbani na ugenini. Rais Syngman Rhee akagoma: timu ya Japan haikanyagi ardhi ya Korea. Mechi zote mbili zikapigwa Tokyo. Inasimuliwa kwamba kabla ya safari kocha alimuahidi rais kwamba wakifungwa watajitupa baharini njiani kurudi. Wakashinda 5-1, wakatoka 2-2, bahari ikabaki salama. Walipofika Uswisi wakala tisa kwa Hungary na saba kwa Uturuki, na sijasoma popote kwamba kuna Mkorea aliyejali sana.

Vietnam nao wana yao na China. China ilichukua visiwa vya Paracel kwa vita mwaka 1974. Mwaka 1979 ikavuka mpaka kwa majeshi. Mwaka 1988 wanajeshi 64 wa Vietnam walikufa kwenye mwamba mmoja wa visiwa vya Spratly. Kaka mkubwa hana mkono mwepesi. Sasa njoo Februari 1, 2022, uwanja wa My Dinh, Hanoi, kufuzu Kombe la Dunia. Ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, sikukuu kubwa kuliko zote kwa nchi zote mbili. Vietnam 3, China 1. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Vietnam katika hatua ile ya mwisho. Wachina walikwenda kula sikukuu na chakula kikakwama kooni. Fan Zhiyi, nahodha wao wa zamani, alikuwa ameshaonya miaka mingi nyuma kwenye televisheni kwamba wakiendelea hivi watafungwa hadi na Vietnam. Watu wakaitafuta ile video usiku uleule.

Na aliyekuwa kwenye benchi la Vietnam? Park Hang-seo, Mkorea. Wachezaji na nchi nzima walimuita 'mwalimu Park', kwa neno lilelile la heshima analopewa mwalimu wa shule. Unaona namna desturi ileile inayowagombanisha watu kuhusu viti inavyompa mgeni kiti cha heshima nyumbani kwa watu.

Hapa nina jambo la Kiswahili la kusema. Sisi tuna utani. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na utani una sheria zake: unaweza kumzika mwenzako na jeneza la karatasi mtaani, na kesho akifiwa kweli wewe ndiye wa kwanza kufika. Waandishi wetu wanapenda kuita mechi ya Korea na Japan 'dabi ya watani'. Hapana, jamani. Mtani hakasiriki, na hawa wanakasirika. Agosti 7, 2004, Beijing, fainali ya Kombe la Asia, Japan iliifunga China 3-1, moja ya mabao likionekana wazi limeingia kwa mkono wa Nakata Koji. Nje ya uwanja bendera za Japan zilichomwa moto na mashabiki wa Japan ikabidi wazuiwe ndani mpaka usalama upatikane. Tangu mechi za makundi kule Chongqing wimbo wa taifa wa Japan ulikuwa unazomewa. Huo si utani.

Je, michezo inaweza kufanya lolote basi? Wengi watakutajia Kombe la Dunia 2002, lile la Korea na Japan kwa pamoja. Mimi huwa nalitaja kwa tahadhari. FIFA walizioanisha mwaka 1996 kwa sababu hawakutaka kumuudhi yeyote, na hata jina liligombaniwa: Korea itangulie kwenye jina, fainali ipigwe Yokohama. Mashindano yalikuwa mazuri mno. Halafu mwaka 2005, miaka mitatu tu baadaye, mkoa wa Shimane ukatangaza Februari 22 kuwa siku ya Takeshima, na moto ukarudi palepale. Sherehe ya mwezi mmoja haifuti daftari la miaka mia.

Kinachofanya kazi, kwa macho yangu, ni ajira. Mtazame Hong Myung-bo, kocha wa kile kikosi cha Cardiff. Aliichezea Bellmare Hiratsuka, akaenda Kashiwa Reysol na huko akapewa unahodha. Mkorea, nahodha wa Wajapani, kwenye ligi yao. Kikosini kwake London alikuwa na Hwang Seok-ho wa Sanfrecce Hiroshima na Baek Sung-dong wa Jubilo Iwata, na Kim Bo-kyung alikuwa ametoka tu Cerezo Osaka. Park Ji-sung, kabla Old Trafford hawajamjua, alianzia Kyoto, na aliifungia kwenye fainali ya Kombe la Mfalme Januari 1, 2003. Septemba 2012, Wachina walipojaa barabarani kwa hasira baada ya Japan kununua vile visiwa ambavyo mmoja anaviita Senkaku na mwingine Diaoyu, kocha wa Hangzhou Greentown alikuwa Mjapani, Okada Takeshi. Alimaliza msimu na akarudi msimu uliofuata.

Hakuna hata mmoja wao aliyetatua suala la kisiwa. Kazi hiyo ni ya wanasheria na mabalozi, tuwaachie. Ila mtu aliyelipwa mshahara na jirani, akauguzwa na daktari wa jirani, akafundishwa lugha na mlinda mlango wa jirani, ni vigumu kumdanganya kuhusu jirani.

Ushahidi wangu ni Februari 18, 2018, Gangneung, Olimpiki ya majira ya baridi. Nao ulikuwa msimu wa vurugu: Japan ilikuwa imelalamika kwa sababu bendera ya Korea moja ilionekana kwenye mechi ya kirafiki ikiwa na alama ya ile miamba, na kwenye ufunguzi wakatumia isiyo nayo. Usiku ule ni mbio za kuteleza kwenye barafu mita 500 wanawake. Nao Kodaira wa Japan anakimbia sekunde 36.94, rekodi ya Olimpiki. Mashabiki wake wanalipuka. Yeye anaweka kidole mdomoni, anawanyamazisha, kwa sababu anayefuata ni Lee Sang-hwa, bingwa mara mbili mfululizo, yuko nyumbani kwao na anahitaji utulivu. Lee anapata 37.33, fedha. Anabubujikwa na machozi. Kodaira anamfuata, anamkumbatia, anamwambia kwa Kikorea kwamba amefanya vizuri. Wamejuana miaka mingi, wametembeleana. Nchi mbili ziliangalia zikanyamaza kidogo.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kenya, Tanzania na Uganda tumepewa AFCON ya 2027 kwa pamoja, na tumeshaonja CHAN Agosti 2025. Nasi tuna vijiwe vyetu. Migingo, kile kisiwa cha Ziwa Victoria kisichofika nusu ya kiwanja cha mpira, Kenya na Uganda wameshavimbiana vifua juu yake. Shabiki mmoja mwenye kipande cha boksi na kalamu anatosha kuleta shughuli, na mchezaji mmoja asiyefikiri anatosha kukipokea. Park hakuandika ile karatasi, alipewa.

Kwa hiyo CAF na kamati ya maandalizi waliandike jambo hili mapema na kwa majina: bendera zipi, ramani zipi, maneno yapi hayapiti getini, nani anakagua, na adhabu ya kiongozi wa serikali atakayeyachochea siku ya mechi ni ipi. Hicho kipengele cha mwisho ndicho watakachotaka kukiruka.